Mintarafu ya Vyeti na Wanaoviuliza

Zamani, katika Ugweno, kaskazini ya milima ya Upare, kazi ya kufua chuma ilikuwa amana ya ukoo wa Washana, na kijana wa ukoo huo alijifunza kuvukuta moto, kuyeyusha chuma na kufua majembe chini ya macho ya wazee wake mpaka wenyewe waliporidhika kwamba mkono wake umekomaa. Wala siku hiyo hakupewa karatasi ya kumtambulisha. Mchagga aliyetaka chuma cha Ugweno hakuwa na haja ya kuuliza mfuaji amehitimu wapi, maana jembe lenyewe alikuwa nalo mkononi, na nyuma ya jembe palikuwa na jina la ukoo mzima, ambalo chombo kibovu kingaliliaibisha.

Karatasi zilikuja pamoja na ajira ya mshahara. Katika uwanda ulio chini ya milima hiyo, ambao katani yake ingali ikionekana Makanya na Ndungu, na katika mashamba mengine yote ya Tanganyika, mfanyakazi wa wakati wa ukoloni alishika kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, zikitiwa alama moja baada ya moja hata zikatimia, ndipo akapewa ujira wake. Kipande hakikusema kama mshikaji wake ni hodari au ni goigoi, kilisema alikuwapo. Basi tangu hapo pana ushahidi wa aina mbili, ushahidi wa kazi iliyofanywa na ushahidi wa mtu kuwapo, na mwajiri wa leo wa mjini Same, ajue asijue, angali akivipima vyeti vyote kwa mizani hiyo, akiongeza swali la tatu ambalo kwa maoni yangu ndilo lililo kubwa: nikidanganywa na cheti hiki, ni nani atakayewajibika?

Tukianza na mwajiri ambaye vijana wengi wa Upare humwelekea kwanza, yaani Serikali, lugha yake haina mafumbo. Soma tangazo lolote la kazi la halmashauri ya wilaya na utakuta masharti yaliyokwisha kukaririwa miaka mingi: mtendaji wa kijiji awe na elimu ya kidato cha nne au cha sita, na juu yake astashahada ya utawala, sheria, maendeleo ya jamii au fani iliyo karibu nazo, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali, dereva awe na cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C ambayo ameifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila ya kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya udereva ya VETA, mamlaka ya ufundi stadi, au ya chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali, katibu mahsusi awe na stashahada ya uhazili, na awe amefaulu hati mkato, ya Kiswahili na ya Kiingereza, maneno 80 kwa dakika moja. Katika masharti hayo yote, lenye nguvu ni hilo la kutambuliwa. Mtu anayechambua maombi ya kazi za umma, na siku hizi aghalabu hupokelewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, hamjui mwombaji, hajapata kuiona kazi yake, na mbele yake ana lundo la majina; hana budi kumwamini mtu wa tatu aliyemtahini mwombaji kabla yake, na mtu huyo wa tatu hawezi kuwa mwingine ila yule ambaye Serikali yenyewe imemtia mkono.

Miongoni mwa masharti hayo mimi ninalistahi sana lile la maneno 80, kwa sababu linataja kipimo ambacho yeyote mwenye saa anaweza kukihakikisha. Lile la kidato cha nne kwa dereva silioni vema. Sijui jiografia ya kidato cha tatu inamfaa nini mtu anayeteremsha gari lililojaa tangawizi kutoka Mamba Miamba wakati wa masika, ilhali macho yake yako kwenye kona na mguu wake kwenye breki. Lakini sharti hilo si la mchezo. Lilipotiliwa mkazo katika uhakiki wa watumishi, wengi wenye elimu ya darasa la saba waliondolewa kazini, kisha mwaka 2018 Serikali ikaamuru warudishwe wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004. Ustadi wao haukupungua walipoondolewa wala haukuongezeka waliporudishwa. Tarehe ndiyo iliyoamua.

Huyo mtu wa tatu, mtahini, amevaa majina mengi katika nchi yetu. Katika miaka ya 1950 vijana wa ufundi walikwenda Ifunda, na kwa watu wa kaskazini shule ya ufundi ya Moshi, na cheti kilichotamaniwa na makampuni ya wakati ule kilikuwa cha City and Guilds ya London, chama kilichoanzishwa mwaka 1878. Baadaye yakaja majaribio ya ufundi yenye madaraja matatu. Mwaka 1994 ikatungwa sheria iliyounda VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Mwaka 1997 likaundwa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, ambalo sasa limeunganishiwa ufundi stadi na kuitwa NACTVET. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake njema, na kila moja liliacha mkanganyiko wake katika vichwa vya waajiri. Ulio mbaya kuliko yote ni wa hesabu: katika majaribio ya zamani daraja la tatu lilikuwa la chini na la kwanza lilikuwa la juu, na katika utaratibu wa sasa wa VETA ngazi ya kwanza ndiyo ya chini na ya tatu ndiyo ya juu. Basi mwenye gereji aliyepata daraja lake la kwanza katika miaka ya 1980, na ambaye tangu siku hizo hakuwa na haja ya kusoma waraka wowote wa mafunzo, akiletewa kijana mwenye cheti cha ngazi ya tatu hudhani ameletewa anayeanza, akampangia mshahara wa kuosha vifaa. Juu ya hizo ziko ngazi nyingine za vyuo vya ufundi, zinazoanza na ya nne kwa astashahada ya awali, ya tano kwa astashahada, ya sita kwa stashahada, na kuendelea hata ya kumi, ambayo ni uzamivu. Mzazi wa Vudee au Hedaru anayeambiwa kwamba mwanawe amefika ngazi ya nne hujaaliwa furaha ambayo huenda isithibitike akienda kuulizia kazi.

Wapare si wageni wa kupangwa kwa madaraja. Mwaka 1945 maelfu yao waliteremka milimani wakakusanyika Same, kwenye makao ya mkuu wa wilaya, kuipinga kodi ya mbiru, iliyomtoza kila mtu kwa kadiri ya mali aliyokisiwa kuwa nayo. Na miongoni mwa mambo yaliyowaudhi ni kukisiwa na watu ambao vipimo vyao havikuonekana. Mwajiri asiyesema wazi kwa nini stashahada hii inamstahilia mtu kazi na ile haimstahilii, hali zote mbili zimesajiliwa, anawatendea vijana jambo la namna hiyo hiyo.

Tutoke sasa maofisini twende kando ya barabara kuu iendayo Arusha, ambako gereji, maduka ya kuchomelea mageti, karakana za useremala na nyumba za wageni zimejipanga. Hapa mambo yamegeuka. Tajiri wa gereji hampi mgeni kiti, humpa spana. Humwonyesha giaboksi iliyofunguliwa jana na kumwambia aifunge, kisha hukaa pembeni akizungumza na wateja, jicho moja likiwa kwa kijana: anaanza na nini, anapanga vipi nati zake, anauliza au anabahatisha. Ikifika jioni hukumu imekwisha kutoka, na cheti bado kiko kwenye bahasha. Si kwamba tajiri huyu anadharau elimu. Wengi wao husema, na husema kweli, kwamba kijana aliyepitia chuo husoma mchoro wa umeme wa gari, hujua kutumia mita, na hashiki betri kwa ujinga, ilhali aliyejifunza chini ya mwembe ana kasi zaidi na hukata tamaa kwa nadra. Lakini mizani ya tajiri iko mkononi mwake na haimgharimu kitu: gari likirudi na ubovu ule ule atajua kabla ya juma kwisha, na fundi aliyelishika atajulikana. Penye kazi inayoonekana upesi na kosa lisiloua, cheti ni barua ya kubishia hodi tu.

Ajabu ni kwamba Serikali hiyo hiyo, inayomdai dereva kidato cha nne, ikitaka kujenga madarasa au zahanati kijijini kwa utaratibu unaojulikana kwa jina la fosi akaunti, humpa kazi fundi wa pale pale, ambaye mara nyingi hana cheti cha aina yoyote, kwa kuwa kamati ya kijiji imeziona nyumba alizozijenga na inajua mlango wa kwake. Hapo dhamana haitoki kwa baraza wala kwa chuo. Inatoka kwa majirani, kama ilivyotoka kwa ukoo wa Washana.

Liko kundi jingine la karatasi ambalo thamani yake haitokani na sifa wala mazoea, bali na sheria. Umeme ulipopanda milimani, na gharama ya kuunganishiwa vijijini ikawekwa shilingi 27,000, kila nyumba ilihitaji mtu wa kutandaza nyaya, na mafundi waliokuwa wakifanya kazi hiyo kwa uzoefu wakajikuta mbele ya mlango uliofungwa: ufungaji wa umeme wa nyumba hutakiwa uwe wa fundi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji; leseni hiyo ina madaraja yake, na asiye nayo hana anachoweza kukitia sahihi. Katika hali hiyo huzuka biashara ya sahihi, mmoja akafanya kazi na mwingine, ambaye hakupanda hata ngazi, akaitilia muhuri. Nani kati ya hao ndiye fundi? Mwenye nyumba hulipa wote wawili. Kadhalika muuguzi: hospitali ya wilaya au ya misheni haiwezi kumpa zamu mtu ambaye Baraza la Uuguzi na Ukunga halikumsajili na kumpa leseni, hata angekuwa na mikono ya rehema namna gani, na hapa sioni la kulalamikia, kwa maana mgonjwa hana nafasi ya kumjaribu muuguzi kwa siku moja kama tajiri wa gereji.

Lakini sheria nayo ina mpaka wake, na madereva waliuonyesha. Ilipotakiwa kwamba dereva wa basi au lori arudi chuoni kila mara anapotaka leseni yake ifanywe upya, madereva waligoma tarehe 10 Aprili 2015, magari yakasimama, abiria wakakwama katika vituo, na kabla ya siku hiyo kwisha Serikali ikalegeza sharti. Dai lao lilikuwa na mambo mengi, yakiwamo mikataba ya kazi ambayo wengi wao hawakuwa nayo. Kwa shabaha yetu inatosha kukumbuka hili, kwamba cheti kilichokuwa kikidaiwa kingemgharimu dereva, kikamfaa mwenye basi, na wala kisingeongeza senti katika ujira wa aliyekitafuta. Hakuna anayependa kununua kitu ambacho faida yake inakwenda nyumba ya pili.

Wakati mwingine karatasi haibadiliki hata nukta, na mwajiri ndiye anayebadilika. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipohimiza kila mtoto apate elimu ya msingi, walimu waliokuwapo hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu vijijini huku wakifundisha, wakawa walimu wa daraja C. Shule nyingi zisingefunguliwa bila yao, milimani na uwandani. Miaka ilipopita, Serikali ile ile iliyowaita ikaona daraja lao halitoshi, ikawataka wajiendeleze mpaka daraja A, na baadaye macho yakaelekea stashahada, hata cheti cha daraja A nacho kikaanza kuonekana kifupi. Mwalimu aliyefundisha kusoma nusu ya kata aliamka akakuta cheti chake kimeshuka thamani, ilhali wanafunzi wake bado wanasoma. Simlaumu aliyetaka walimu bora. Nasema tu kwamba thamani ya cheti si mali ya mwenye cheti.

Na je, mtahini mwenyewe akiigizwa? Tarehe 28 Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea, mjini Dodoma, ripoti ya uhakiki iliyowataja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa. Wapo waliokuwa wamefanya kazi miongo, wakapandishwa vyeo, na wakuu wao wasiwaone upungufu. Jambo hilo ni aibu yao kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine ni hoja nzito juu ya wale waliozidai karatasi hizo. Angalia pia uhakiki uligusa nini: vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu, ambavyo kumbukumbu zake ziko mahali pamoja na zinaweza kulinganishwa. Tangu hapo waajiri, hata wale wa binafsi, wamejifunza kuuliza kwanza, si cheti kinasema nini, ila kinaweza kuthibitishwa wapi.

Kwa swali hilo vyeti vya warsha na semina huanguka mara moja. Kila mwaka watu wa wilaya zetu hurudi kutoka mafunzo ya siku tatu wakiwa na karatasi nzuri kuliko zote, zenye rangi, nembo nne na sahihi mbili, ambazo husema mshiriki amehudhuria. Ni kipande cha katani kilichotiwa nakshi.

Mwanauchumi wa Marekani, Michael Spence, aliandika mwaka 1973 kwamba cheti chaweza kumfaa mwajiri hata kama masomo yenyewe hayakumwongezea mtu ujuzi wowote, maadamu kukipata ni kugumu zaidi kwa asiyeweza kuliko kwa anayeweza. Mwaka 2001 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Ni hoja yenye akili, lakini masikioni mwa mtu wa Upare ina kasoro, kwa sababu huku kilicho kigumu aghalabu ni ada, wala si somo, na bei ya tangawizi ikianguka Mamba Miamba, mwenye akili hubaki nyumbani na mwenye shangazi Dar es Salaam huhitimu. Miaka sita kabla ya Spence, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuonya kwamba Serikali na chama wenyewe huwapima watu kwa mitihani waliyofaulu, wakidhani kwamba aliyefaulu anaiweza kazi, bila kungoja kuona tabia yake. Onyo hilo lilichapishwa mwaka 1967 na limesomwa mashuleni tangu hapo, na matangazo ya kazi yameendelea kurefuka.

Hata hivyo dawa moja ipo, nayo haijulikani kwa kadiri inavyostahili. VETA, ikisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, ilianzisha utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya vyuo: seremala, mwashi, fundi magari au mpishi aliyejifunza kazini humwendea mpimaji, akahojiwa, akaonyesha kazi kwa mikono yake, akafundishwa kwa muda mfupi yale tu aliyopungukiwa, kisha akapewa cheti cha ngazi inayomstahili. Cheti hicho kina sifa zote mbili tulizozitafuta, kinashuhudia kazi iliyofanywa, na nyuma yake yupo mtu wa kuwajibika. Na kwa mwajiri ambaye hakuwahi kukiona, ningemshauri akiheshimu kuliko kile cha kijana aliyekaa darasani miaka miwili bila ya kushika chombo.

Kwa hiyo ninawaomba wenye mamlaka wawapeleke wapimaji hao huko huko milimani, Gonja, Mamba, Suji na Usangi, ambako mafundi wako na kazi zao zinaonekana, badala ya kumngoja mtu aache kazi ya siku kadhaa ateremke mpaka Moshi. Nawe mzazi, kabla ya kuuza mavuno kwa ajili ya ada, nenda kwanza kwa yule ambaye unatumaini atamwajiri mwanao, umwulize ni karatasi gani anaidai na kwa nini, kisha ulitafute jina la chuo katika orodha ya vyuo vilivyosajiliwa na NACTVET, ambayo iko wazi kwa kila mtu kwenye tovuti ya baraza hilo, na kuisoma hakulipiwi.